Kuni Zisizo na Jina

Mti ukiwa umesimama porini hujulikana kwa jani lake, ua lake na tunda lake, na watoto wachungao mbuzi huujua kuliko sisi tuliokaa darasani. Lakini ukishakatwa, ukapasuliwa, ukafungwa tita na kupakiwa juu ya baiskeli, hayo yote hubaki msituni. Anunuaye kuni mjini Tunduma hapewi jani. Hupewa vipande vyenye gome nusu, au visivyo na gome kabisa, naye huambiwa, "Chukua mama, kuni hizi zawaka sana." Basi katika somo hili twataka kueleza jinsi ya kuutambua ukuni usiokuwa na jina, na jinsi ya kupima kama utawaka vema, kabla fedha haijatoka mkononi.

Pengine mtu atasema kwamba habari za kuni ni za zamani, maana sasa kuna gesi na umeme. Kweli, mwezi wa Mei mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi, kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi, nasi twaufurahia. Walakini katika mkoa wetu wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, nyumba nyingi zingali zinapika kwa kuni na makaa, na maharage ya leo jioni yanataka moto wa leo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa kupikia kwa kuni, makaa, samadi, mafuta ya taa na mfano wake uliua watu wapatao 3,200,000 duniani katika mwaka 2020, na katika hao watoto walio chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Ajuaye kuchagua kuni hakuuondoa moshi wote, lakini ameupunguza, na mwenye kupunguziwa kwanza ni yule mtoto afungwaye mgongoni mwa mama jikoni.

Tena yako mambo ya nchi yetu yenyewe. Nyanda za Mbozi na Tunduma zimeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu namna hii maji huchemka kabla hayajafika digrii 100. Huku kwetu huchemka karibu na digrii 95. Mtu aweza kudhani kwamba hiyo ni faida, kwa kuwa chungu hutokota upesi. Sivyo. Maharage hayaivishwi na kutokota bali na joto, na joto la maji yetu halipandi zaidi ya hapo hata ukisukuma tita zima mafigani. Ndiyo sababu mpishi wa Vwawa hukaa na maharage muda mrefu kuliko mpishi wa Dar es Salaam, na ndiyo sababu ahitaji kuni zenye kutoa makaa ya kudumu, si zile za kuwaka kwa kishindo na kuzimika. Chungu kikianza kutokota, moto mdogo watosha. Ukiuzidisha, wapoteza kuni bure.

Shida ya kwanza ni majina. Mnyiha ana jina lake la mti, Mnyamwanga ana lake, Mndali na Msafwa vilevile, na jirani zetu wa Nakonde ng'ambo ya mpaka wana yao. Mti uitwao mkaratusi mahali pengine, watu wa nyanda hizi huuita mlingoti. Wengine husema msuku, wengine mkusu, na wote wala tunda moja. Jambo baya zaidi ni kwamba jina moja laweza kubeba miti mingi: muuzaji akisema "miombo" ametaja jamaa nzima ya miti, ambayo wataalamu huiita Brachystegia na Julbernardia, nayo haifanani yote jikoni. Kwa hiyo usimwulize muuzaji jina tu. Mwulize imekatwa wapi, na lini. Swali la "wapi" lina faida mbili, maana kuna Sheria ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002, na kuni zilizoibwa katika msitu wa hifadhi hazifai nyumbani mwa mtu mwema hata zikiwaka kama taa.

Sasa tushike ukuni wenyewe. Gome likiwapo, anza na gome, maana ukuni wenye gome ni kama barua yenye sahihi. Kama bado ni bichi, chomeka kisu chini ya ncha yake ulivute. Likitoka kwa utepe mrefu wenye nyuzi ngumu, yafaa kudhani kwamba ni mmoja wa miombo. Ndilo gome ambalo watu hufungia matita na kutengenezea mizinga ya nyuki. Gome laini lijibandualo lenyewe kwa vipande virefu ni la mlingoti. Ukiona juu ya gome utomvu mwekundu uliokauka kama damu, huo ni mninga, nasi twasikitika kuuona katika kuni, kwa kuwa ni mti wa mbao na milango. Akauchomaye kupikia ugali ni kama mtu afutaye miguu kwa kanzu ya arusi. Msuku nao una gome la kijivujivu lililopasuka sana. Huwaka vizuri na makaa yake ni mazuri, lakini mti ule huwapa watoto matunda katika miezi ya mvua wakati ghala linapokuwa tupu, na kwa maoni yetu heri uachwe.

Baada ya gome tazama uso uliokatwa. Miti mingi ina kiini chenye rangi katikati na sehemu nyeupe pembeni. Kiini kikiwa kikubwa na cheusi-cheusi au chekundu-chekundu, aghalabu mti ni mzito na mgumu, kama mkarati. Ukuni ukiwa mweupe wote, wa nyuzi nene na wa kubonyea kwa ukucha, jihadhari. Kuni za mibuni zapotosha watu hapa: zina rangi ya manjano hafifu, wala hazina kiini cheusi, lakini ni ngumu na huwaka vizuri mno. Wakulima wa Mbozi wakatapo mibuni mikongwe ili ichipuke upya, hupatikana kuni nzuri pasipo kugusa msitu hata kidogo.

Pua nayo yafundisha. Msindano hunuka ulimbo. Mti mwingine hunuka uchungu, mwingine kama udongo wenye ukungu, na huo umeoza. Wako wazee waonjao gome kwa ulimi, na kweli gome la mwati hukausha kinywa mara moja, maana limejaa dawa ile ya kulainishia ngozi. Sisi twaonya, usionje mti usioujua.

Kisha gonga vipande viwili. Kuni kavu hulia kwa sauti kali, kama vijiti vya ngoma. Kuni mbichi hutoa sauti nzito iliyokufa. Tazama na ncha: ukuni uliokauka una nyufa zitokazo katikati kwenda pembeni. Lakini nyufa za ncha si ushahidi mkamilifu, kwa kuwa gogo nene hupasuka ncha hali tumboni lingali bichi. Liombe lipasuliwe mbele yako, uweke shavu au sehemu ya ndani ya mkono juu ya uso mpya. Ukisikia ubaridi wa unyevu, mti huo bado una maji.

Hapa tumefika penye kiini cha somo, nasi twaomba msomaji aende polepole.

Kuna neno ambalo wengi hawalisadiki: kilo moja ya mti mwepesi uliokauka na kilo moja ya mti mzito uliokauka hutoa joto karibu sawa. Wataalamu huhesabu megajuli 18 hivi kwa kilo, uwe mkuyu au uwe mkarati; msindano huzidi kidogo kwa sababu ya ulimbo. Kama ni hivyo, mbona watu husifu kuni nzito? Kwa sababu hatununui kwa kilo. Twanunua kwa tita, kwa mkokoteni, kwa kadiri ya mikono ya muuzaji, na katika tita lenye ukubwa mmoja mti mzito una kilo nyingi kuliko mwepesi. Tena mti mzito huungua polepole na kuacha makaa, na mwepesi huungua upesi na kuacha majivu.

Lakini uzito wadanganya, kwa kuwa maji nayo ni mazito. Mti uliokatwa jana huweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Chukua kipande cha kilo 2 ambacho kikikaushwa kabisa kitabaki kilo 1.2. Maji yake ni kilo 0.8. Mti wenyewe una joto la megajuli 21.6, na kuyageuza maji yale kuwa mvuke kwala megajuli 2 na kidogo. Watu wakisikia hesabu hii husema, "Ni sehemu moja ya kumi tu, basi kuna ubaya gani?" Ubaya ni huu: maji yakitoka huupoza moto. Mti haiungui wote kwa mara moja. Kwanza hutoa hewa ziwakazo, na hewa hizo zikikuta moto mkali huwa ndimi, zikikuta moto uliopoa huenda zake zikiwa moshi. Moshi ule uuonao ukitoka mlangoni ni kuni ulizozinunua ambazo hazikuungua. Sehemu moja ya kumi huliwa na mvuke. Sehemu nyingine, na kubwa, hukimbia katika moshi, ikipitia machoni na vifuani mwa watu wa nyumba.

Ili kujua kweli kiasi cha maji, chukua vipande vitatu vya unene tofauti, uvipime kwa mizani ya dukani, uandike kwa mkaa, uviweke juani au juu ya kichanja cha jikoni, nawe uvipime tena kila juma. Uzito ukikoma kupungua, vimekauka kadiri hewa ya mahali iwezavyo kuvikausha. Mwalimu wa usharika aweza kufanya kazi hii pamoja na vijana, na hesabu yake huwakaa moyoni kuliko hesabu za vitabuni.

Ili kujua uzito wa mti wenyewe, iko njia isiyotaka mizani. Tengeneza kijiti kikavu, kilichonyooka, chenye unene sawa juu na chini, urefu wa shubiri moja na nusu. Kigawe kwa alama kumi za kisu. Kisimamishe ndani ya ndoo ya maji, ukikizuia kwa vidole kisianguke, wala usikikandamize. Hesabu alama zilizozama, tena upesi kabla mti haujanywa maji. Msindano mkavu huzama alama nne au tano. Miombo mingi huzama sita, saba, hata nane. Mpingo huzama wote, huenda chini kama jiwe. Kwa njia hii ukuni usio na jina, usio na gome, usio na harufu, hujisema wenyewe ni wa daraja gani.

Tulipata kuwa msibani mwaka mmoja katika kijiji kimoja cha Mbozi. Mkokoteni wa kuni uliletwa jioni, vipande vinene vya kupendeza macho, vyeupe, vyepesi kupasua, na vijana wakafurahi kwa sababu ya wepesi ule. Sufuria mbili kubwa za maharage zikawekwa. Hata saa tatu ya usiku maharage yalikuwa yangali kama mawe, uwanja umejaa moshi, na wageni waliotoka mbali wamekaa na watoto wao wenye njaa. Bibi mmoja akainuka, akatwaa kipande, akakinusa, akakigonga kwa kingine, akasema, "Wanangu, huu ni mkuyu, tena umekatwa juzi." Hakugombana na mtu. Akawaagiza vijana waipasue ile kuni iwe membamba kama vidole, waisimamishe kuuzunguka moto ili ikauke kwa joto lile lile, na mmoja aende nyumbani kwake akalete visiki vya mibuni vilivyokuwa chini ya paa. Watu walikula usiku wa manane. Bibi yule hajui megajuli, lakini alitenda sawasawa na hesabu yetu: alipunguza maji, akaongeza uzito.

Jaribio la mwisho ni moto wenyewe. Chonga kijiti cha unene wa kidole kutoka katika kuni usizozijua, na kingine sawa nacho kutoka katika kuni unazozijua, uviwashe pamoja. Maana moto haupimwi peke yake, hupimwa kwa kulinganisha. Ncha ikitoa povu na kulia "sii", mna maji. Moshi mweupe mzito ni dalili ya unyevu. Moshi mweusi wenye masizi ni wa ulimbo, na ukuni wa namna hiyo wafaa kuwashia tu, usiupikie siku nzima. Ukirusha cheche nyingi, usiupeleke penye nyumba ya nyasi. Kisha uzime mwali kwa kupuliza, utazame lile kaa jekundu: hukaa muda gani kabla halijafa? Ukuni ambao kaa lake lakaa mara mbili ya mwenzake ndio wa kupikia maharage.

Iko miti isiyofaa jikoni hata ikikauka. Mbuyu wa mabonde ya joto ni kama sifongo lililojaa maji. Mnyaa una utomvu mweupe uunguzao macho, nao haufai hata kukatwa bila kujihadhari. Kusini mwa Afrika kuna mti uitwao tamboti, mzuri wa kutazama, mzito, wenye harufu tamu, lakini moshi wake huumiza kichwa na nyama iliyookwa juu yake huumiza tumbo. Kwa hiyo mti utoao utomvu mweupe, usioujua, usiokee chakula juu ya moto wake.

Lakini katika Tunduma hatari kubwa haitoki porini. Yatoka barabarani. Mji wetu ni mlango wa malori yaendayo Zambia na Kongo, na nyuma ya malori hubaki mbao: paleti za kuwekea mizigo, masanduku yaliyovunjika, mbao za rangi, vipande vya nguzo. Hizi ni kuni zisizo na jina kuliko zote, na kwa kuwa ni kavu na za bure, maskini huzikimbilia. Twawasihi mzitazame kwanza. Paleti nyingi za kimataifa zina muhuri wenye mchoro wa suke la ngano. Pakiandikwa HT, mti ulitiwa joto la digrii 56 kwa nusu saa ili kuua wadudu, wala haukutiwa sumu kwa kazi hiyo. Pakiandikwa MB, ulifukizwa kwa hewa ya sumu, nao usitumiwe jikoni. Hata ile ya HT, ikiwa imemwagikiwa mafuta au dawa ya shamba, iache. Nguzo nyeusi inukayo lami imetiwa kreosoti. Mti wenye rangi ya kijani-kijani iliyoingia ndani, kama nguzo nyingi za uzio na za umeme, aghalabu umetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu kali. Moto hauiondoi sumu hiyo. Sehemu hupanda katika moshi, na iliyobaki hukaa katika majivu, nayo majivu hayo watu huyatia katika bustani ya mboga. Mbao zenye rangi kuukuu nazo huweza kuwa na risasi ndani ya rangi. Ni afadhali kununua tita dogo la mlingoti kuliko kupewa bure lori zima la mbao hizo.

Neno moja zaidi la hatari, ambalo lahusu kuni zilizo njema. Kadiri kuni zilivyo nzuri, ndivyo makaa yake yakaavyo muda mrefu, na katika baridi ya Juni na Julai watu huyaingiza chumbani walalamo na kufunga madirisha. Makaa yasiyo na moshi hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunuka, na mtu hulala asiamke. Makaa yabaki nje, hata kama baridi ni kali, hata kama kuna mtoto mchanga. Mfunikeni kwa nguo.

Imebaki habari ya kuweka akiba. Mvua zetu huanza karibu na Novemba, na zikishaanza, kila tita liletwalo mjini limelowa. Mwenye busara hununua za masika katika Juni au Julai, wakati hewa ni kavu. Zipasue kwanza, maana ukuni uliopasuliwa hukauka upesi kuliko gogo zima. Wenye unene wa mkono, ukipasuliwa, huweza kuwa tayari kwa miezi miwili au mitatu ya kiangazi. Zipange juu ya mawe zisiguse ardhi, kwa ajili ya mchwa na unyevu. Funika juu tu, ubavuni paachwe wazi, upepo upite. Na kwa kila safu uandike kwa mkaa mwezi ulioipanga, ili mpishi aanze na za Juni, akimaliza ndipo aziguse za Agosti.